Soya inavyokula msitu bila kushika shoka

Weka sambamba picha mbili za setilaiti za kaskazini mwa Mato Grosso, Brazil: moja ya mwaka 1985, nyingine ya miaka ya karibuni. Palipokuwa na kijani kizito kisicho na mshono sasa pana mistatili mikubwa, na katikati yake vipande vya msitu vilivyosalia kama viraka kwenye nguo. Mistatili mingi ni mashamba ya soya. Mtu akiona hivyo husema mara moja: mkulima wa soya alikuja, akafyeka, akapanda.

Mara nyingi haikuwa hivyo. Tangu mti wa mwisho uanguke mpaka mbegu ya kwanza ya soya iingie ardhini hupita miaka mitatu, mitano, hata zaidi ya kumi, na muda wote huo ardhi hiyo ilikuwa na ng'ombe. Aliyefyeka ni mtu mmoja, aliyefuga ni wa pili, anayelima soya ni wa tatu. Sheria, makubaliano na vyeti vyote vinavyodai kuulinda msitu dhidi ya soya hufaulu au hukwama hapo: je, vinafuatilia zao au vinafuatilia ardhi?

Punje moja, bidhaa mbili

Ukipeleka kilo 100 za soya kiwandani, utarudi na takriban kilo 19 za mafuta na kilo 79 za mashudu pamoja na maganda. Kinachobaki ni taka na unyevu. Mashudu hayo yana protini ya asilimia 44 hadi 48, na ndiyo yanayoendesha biashara. Zaidi ya robo tatu ya soya ya dunia huishia kuwa chakula cha mifugo: kuku, nguruwe, ng'ombe wa maziwa, samaki wa kufugwa. Inayoliwa na watu moja kwa moja kama tofu, tempe au maziwa ya soya ni karibu asilimia 7 tu. Anayekula tofu kwa hiyo si wa kwanza kulaumiwa.

Hesabu ya kuku mmoja inaeleza mengi. Kuku wa nyama hufikisha kilo 2.5 kwa wiki sita hivi, na mpaka hapo amekula kama kilo 4 za chakula. Robo ya chakula hicho, yaani kilo 1, ni mashudu ya soya. Ili kupata kilo 1 ya mashudu ni lazima ukamue kama kilo 1.27 za soya. Shamba linalotoa tani 3.5 kwa hekta, kiwango cha kawaida Brazil, hutoa gramu 350 kwa kila mita ya mraba. Kuku huyo basi ametumia mita za mraba 3.6 za shamba kwa msimu mzima, sawa na nafasi ya kitanda kipana cha watu wawili. Ni kweli kwamba nafasi hiyohiyo imetoa pia gramu 240 za mafuta, na huenda baada ya soya ikatoa mahindi, kwa hiyo si haki kumbebesha kuku mzigo wote. Hata hivyo zidisha kitanda hicho kwa mabilioni ya kuku wanaochinjwa kila mwaka, uongeze nguruwe, ndipo utaelewa kwa nini mavuno ya soya duniani yamepanda kutoka tani milioni 27 hivi mwaka 1961 hadi kukaribia tani milioni 400. China peke yake huagiza karibu tani milioni 100 kwa mwaka.

Wapo wanaosema basi tuiache soya tutafute kitu kingine. Hapo pana mtego. Kwa hekta moja, soya hutoa protini nyingi kuliko karibu zao lolote la nafaka au la jamii ya kunde. Ukiibadilisha na zao linalotoa protini kidogo huku idadi ya mifugo ikibaki ileile, utahitaji ardhi zaidi. Upande wa mafuta ni kinyume chake: hekta ya soya hutoa kama tani 0.65 za mafuta, wakati mchikichi hutoa tani 3 na kuendelea. Anayesusia mafuta ya mawese kwa ajili ya msitu kisha akahamia mafuta ya soya amejiongezea hekta bila kujua.

Mmea wa mbali na ikweta ulivyofundishwa kuishi karibu nayo

Asili ya soya ni Asia ya Mashariki, kwenye majira ya joto yenye siku ndefu. Mmea huu husoma urefu wa usiku: usiku ukirefuka huamini msimu unakwisha, ukatoa maua. Karibu na ikweta usiku ni mrefu mwaka mzima. Aina za zamani zilipopandwa huko zilichanua zikiwa na kimo cha goti, zikabeba maganda machache, basi. Kwa miongo mingi hilo peke yake liliilinda Amazoni na savana ya Cerrado dhidi ya soya kuliko sheria yoyote.

Kizuizi hicho kilivunjwa na wataalamu wa mbegu. Shirika la utafiti wa kilimo la Brazil, Embrapa, lilianzishwa mwaka 1973, na miongoni mwa kazi zake kubwa ilikuwa kuzalisha aina za soya zenye utoto mrefu, yaani zinazokaa wiki kadhaa bila kujali urefu wa usiku hadi zipate mwili wa kutosha kubeba maganda.

Kizuizi cha pili kilikuwa udongo. Udongo wa Cerrado ni mwekundu, wenye kina, unapitisha maji vizuri, lakini una tindikali kali. Tindikali hiyo huyeyusha alumini, na alumini iliyoyeyuka huunguza ncha za mizizi: mzizi unakuwa mfupi, mnene, hauendi chini kufuata maji. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, tani mbili hadi sita kwa hekta, ikichanganywa na udongo miezi kadhaa kabla ya kupanda, kisha fosforasi kwa wingi, maana udongo huo huikamata fosforasi na kuifungia.

Cha tatu kilikuwa naitrojeni. Kila tani ya soya huhitaji kama kilo 80 za naitrojeni, kwa hiyo mavuno ya tani 3.5 yanataka kilo 280 kwa hekta, kiasi ambacho kukinunua dukani kungekula faida yote. Mtaalamu wa vijidudu vya udongo Johanna Döbereiner aliwashawishi wazalishaji wa mbegu Brazil wachague aina zinazopatana vyema na bakteria wa mizizi, wale wanaojenga vinundu na kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Leo mkulima hupaka mbegu bakteria kabla ya kupanda, na naitrojeni karibu yote hupatikana bila mbolea.

Ni sayansi nzuri, na imelisha watu wengi. Lakini matokeo yake ni kwamba eneo lenye ukubwa wa kilometa za mraba milioni 2, lililokuwa likiitwa ardhi isiyofaa, liligeuka kuwa ardhi ya thamani katika kizazi kimoja. Thamani ya ardhi ndiyo shoka lenyewe.

Mnyororo, moto, ng'ombe, kisha soya

Kazi huanza na wakata mbao. Huchagua miti ya bei, mahogani au ipê, na kuacha nyuma barabara ya magogo. Miti mingine imesimama bado, lakini sasa gari linafika.

Kiangazi kikianza, mwezi wa tano au wa sita, hufuata ufyekaji. Kwenye msitu mrefu hutumika misumeno ya mnyororo na makatapila. Kwenye savana na misitu mikavu kuna njia ya haraka zaidi, inayoitwa correntão: makatapila mawili yanakwenda sambamba yakiburuta baina yao mnyororo mzito wa aina ya ule wa nanga ya meli. Mnyororo hulalia chini, na kila kilichosimama katikati hung'olewa na mizizi yake. Hupitishwa mara ya pili kwa upande wa pili ili kung'oa kilichoinama bila kukatika. Mnyama aliye kwenye shimo hana pa kukimbilia.

Miti huachwa ikauke kwa wiki kadhaa, kisha huchomwa kabla ya mvua, kwa kawaida Agosti na Septemba. Hapa ndipo mambo mengi huharibika, kwa sababu moto hauujui mpaka wa kiwanja. Mwaka wa ukame huingia kwenye msitu wa jirani, ukatambaa chini kwa mwali mfupi usiozidi goti. Kwa macho unaonekana moto dhaifu, lakini miti ya Amazoni ina gome jembamba lisilozoea moto, na mingi hufa miaka michache baadaye ikiwa imesimama. Mwaka unaofuata kuni kavu ni nyingi zaidi, na moto wa pili hupanda juu.

Kwenye majivu hupandwa nyasi, mara nyingi brachiaria, nyasi iliyotoka Afrika. Ng'ombe huingizwa, kama mmoja kwa hekta. Maziwa au nyama si sababu pekee. Ng'ombe ni ushahidi kwamba ardhi "inatumika", na mwenye kuitumia ana hoja ya kudai hati. Visiki vinaoza taratibu. Baada ya miaka kadhaa malisho yanachoka, magugu yanazidi, na wakati huohuo kisiki kinachong'oka kirahisi ni baraka kwa mwenye trekta. Mabaki ya mizizi hukusanywa kwa safu ndefu na kuchomwa, chokaa inamwagwa, na mara nyingi mpunga hupandwa mwaka wa kwanza kwa sababu huvumilia tindikali. Soya huja mwaka wa pili au wa tatu.

Kila hatua huongeza bei ya hekta. Mfugaji anayemuuzia mkulima wa soya malisho yake yaliyochoka hupata fedha za kununua eneo kubwa zaidi mbele, ambako barabara haijafika vizuri na msitu bado ni wa bei ya chini. Soya haikuingia msituni, ila imemsukuma mfugaji aingie. Sehemu kubwa ya ardhi iliyofyekwa Amazoni ni malisho, na mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba mharibifu mkuu ni ng'ombe. Asiposema ni nani aliyemlipa mwenye ng'ombe ahame, ameeleza nusu.

Barabara na bandari hufanya kazi ileile ya kupandisha bei. Barabara ya BR-163 inatoka Cuiabá, katikati ya eneo la soya, kwenda kaskazini hadi Santarém kwenye mto Amazoni, ambako bandari ya nafaka ilifunguliwa mwaka 2003. Gharama ya kusafirisha tani moja ikishuka, shamba lililokuwa halilipi linaanza kulipa, na ukanda mzima wa kandokando ya barabara unaingia kwenye hesabu za wanunuzi wa ardhi hata kabla lami haijakauka.

Moratoria iliyofanya kazi, na mahali ilipovuja

Aprili 2006 shirika la kutetea mazingira la Greenpeace lilitoa ripoti iliyofuata soya kutoka Amazoni hadi kwenye kuku wa migahawa ya Ulaya. Wateja wakubwa walishtuka, wakawabana wauzaji, na Julai mwaka huohuo vyama viwili vya wafanyabiashara wa nafaka Brazil, ABIOVE na ANEC, vilikubali kutonunua soya iliyolimwa kwenye ardhi ya Amazoni iliyofyekwa baada ya tarehe hiyo. Baadaye tarehe ya ukomo ilisogezwa hadi Julai 2008 ili ilingane na sheria ya misitu. Hiyo ndiyo Moratoria ya Soya.

Utekelezaji wake ulikuwa wa kitaalamu na wa wazi. Taasisi ya anga ya Brazil, INPE, hupima ukataji wa Amazoni kila mwaka tangu 1988 kwa mfumo wa PRODES. Ramani ya maeneo yaliyofyekwa baada ya tarehe ya ukomo iliwekwa juu ya ramani ya mashamba. Soya hutambulika kwa mwendo wake: kijani hupanda ghafla baada ya mvua za kwanza, hufika kileleni, kisha huanguka kwa wakati mmoja shamba zima linapokauka. Malisho hayaendi hivyo. Shamba lililonaswa liliingia kwenye orodha, na makampuni yaliyotia saini hayakununua humo.

Kabla ya makubaliano, karibu asilimia 30 ya upanuzi wa soya kwenye ukanda wa Amazoni ulifanyika kwa kufyeka msitu moja kwa moja. Kufikia 2014 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 1 hivi. Na wakulima hawakufilisika: eneo la soya ndani ya ukanda huo liliongezeka zaidi ya mara nne, juu ya malisho ya zamani. Moratoria haikufanya kazi peke yake. Kulikuwa na tahadhari za setilaiti za mfumo wa DETER kuanzia 2004, hifadhi mpya, ukaguzi wa kweli, na kuanzia 2008 masharti ya mazingira kwenye mikopo ya benki kwa wakulima wa Amazoni. Kwa pamoja, ukataji ulishuka kutoka kilometa za mraba 27,772 mwaka 2004 hadi 4,571 mwaka 2012.

Uvujaji ulikuwa mahali palepale: makubaliano yalitazama zao. Mwenye shamba kubwa aliweza kupanda soya kwenye malisho ya zamani, akauza kihalali, huku akifyeka kona nyingine ya shamba lilelile kwa ajili ya mahindi au ng'ombe. Soya ya kiwanja kilichozuiwa iliweza kuuzwa kwa jina la jirani asiye na doa. Na mfugaji aliyeuza akahamia mbele hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Pamoja na mapungufu hayo, hakuna makubaliano mengine ya zao yaliyoleta matokeo yanayopimika kiasi hicho. Kwa hiyo inaumiza kuona yanavyobomolewa. Jimbo la Mato Grosso lilipitisha sheria ya kuwanyima nafuu za kodi makampuni yanayoweka masharti yanayozidi sheria za nchi, na Agosti 2025 mamlaka ya ushindani wa kibiashara, CADE, ikatoa amri ya kuisimamisha Moratoria, ikidai wanunuzi wamekula njama dhidi ya wakulima. Tangu hapo shauri limekuwa mikononi mwa mawakili na mahakama.

Msitu uliopinduka

Kusini na mashariki mwa Amazoni ipo Cerrado. Ni savana yenye miti mifupi iliyopinda, magome manene na nyasi, na mtu akipita kwa gari haoni cha kuhuzunikia kikikatwa. Cha kuona kiko chini. Miti hii hupeleka mizizi mita kumi na zaidi kufuata maji ya kiangazi, na sehemu kubwa ya uzito wake, pamoja na kaboni yake, iko ardhini. Wabrazili huiita msitu uliopinduka.

Sheria ya misitu ya Brazil, namba 12.651 ya mwaka 2012, humtaka mwenye shamba aache sehemu ya uoto wa asili: asilimia 80 kwenye msitu wa Amazoni, asilimia 35 kwenye Cerrado iliyo ndani ya mipaka ya kisheria ya Amazoni, na asilimia 20 kwingineko. Soma namba hizo kwa kugeuza. Kwenye sehemu kubwa ya Cerrado, mwenye ardhi ana ruhusa ya kufyeka hadi asilimia 80, mradi apate kibali na aache kingo za mito na chemchemi. Karibu nusu ya Cerrado imeshatoweka, na kwa kiasi kikubwa bila kuvunja sheria. Moratoria haikuwahi kufika huko.

Shinikizo kubwa liko kwenye eneo liitwalo Matopiba, jina lililoundwa na herufi za mwanzo za majimbo manne: Maranhão, Tocantins, Piauí na Bahia. Huko mashamba hukaa juu kwenye nyanda tambarare, na jamii za vijiji zimekaa mabondeni kwenye maji. Nyanda zilikuwa za malisho ya pamoja bila hati. Ndipo ikaja grilagem, unyakuzi wa ardhi kwa hati za kughushi. Jina linatokana na grilo, nyenje: inasemekana hati mpya ilifungiwa kwenye sanduku pamoja na nyenje mpaka kinyesi na meno yao viipe sura ya karatasi ya kale. Siku hizi nyenje hawahitajiki. Rejesta ya mazingira ya vijijini, CAR, hujazwa na mwenyewe kwa kompyuta, na wapo wanaojiandikisha bonde la wanakijiji kama "hifadhi" ya shamba lao la juu. Kwenye ramani sheria imetimizwa.

Takwimu za PRODES za 2023 zinaonyesha picha nzima: Amazoni ilipoteza takriban kilometa za mraba 9,000, ukishuka sana kutoka mwaka uliotangulia, na Cerrado, iliyo ndogo kuliko nusu ya Amazoni, ikapoteza takriban 11,000.

Maji hukumbuka

Hasara inayotajwa zaidi ni kaboni. Hekta ya msitu wa Amazoni kwa kawaida hubeba zaidi ya tani 100 za kaboni juu ya ardhi pekee, na kila tani ikiungua au kuoza hutoa tani 3.67 za kaboni dioksidi. Hakuna namna ya kulima soya itakayoirudisha. Lakini yanayompata jirani mapema ni ya maji.

Mti wa mizizi mirefu hupampu maji mwaka mzima, kiangazi kikiwemo. Soya iko shambani miezi minne hivi, na mizizi yake haiendi mbali. Baada ya mavuno, mvuke unaopanda kutoka shambani hupungua sana hadi mvua zijazo. Mvuke huo ndio uliokuwa ukiwasha mvua za kwanza za msimu. Kusini mwa Amazoni, kadiri msitu unavyopungua, mvua za kwanza huchelewa. Hili linamrudia mkulima mwenyewe, kwa sababu faida yake inategemea mazao mawili kwa mwaka: soya ikipandwa Septemba au Oktoba na kuvunwa Januari au Februari, mahindi huingia mara moja nyuma yake. Mvua zikichelewa wiki tatu, mahindi ndiyo yanayokutana na kiangazi yakiwa kwenye mbelewele.

Kwenye vyanzo vya mto Xingu, Mato Grosso, watafiti walipima vijito vinavyopita kwenye mashamba ya soya, wakakuta maji yake yana joto la nyuzi 3 hadi 4 zaidi ya vijito vya msituni. Sababu moja ni kivuli kilichoondoka. Nyingine ni maelfu ya mabwawa madogo yaliyochimbwa enzi za malisho kunyweshea ng'ombe, ambayo yamebaki yakipokea jua ingawa ng'ombe walishaondoka. Samaki wa kijito cha soya anaishi kwenye joto la zao lililotangulia.

Kwenye Gran Chaco, msitu mkavu unaogawanywa na Argentina, Paraguay na Bolivia, tatizo ni la chumvi. Mvua ni haba, na miti kama quebracho ilikuwa ikiinywa karibu yote. Chumvi ya karne nyingi ilitulia chini kwa sababu hakuna maji yaliyopita kuisukuma. Weka soya mahali pa miti: sehemu ya mvua hupenya, maji ya ardhini yanapanda mwaka hadi mwaka, na chumvi inapanda nayo mpaka kwenye mizizi. Mchakato ni wa polepole, na ukishaonekana juu ya ardhi umechelewa kuutibu kwa bei nafuu.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye bonde la El Morro, mkoa wa San Luis, Argentina. Misitu na nyasi za kudumu zilipogeuzwa mashamba ya msimu, maji ya ardhini yalipanda hadi yakabubujika chini ya mteremko na kuchimba udongo laini. Ukazaliwa mto ambao haukuwemo kwenye ramani, unaoitwa Río Nuevo, Mto Mpya, ukikata mashamba na barabara. Wanaoukabili hupanda miti inayokunywa sana na alfalfa, yaani wanarudisha kwa gharama pampu iliyong'olewa.

Vipande vilivyosalia navyo si salama kama ramani inavyodai. Mradi wa vipande vya msitu karibu na Manaus, ulioanza 1979, ulionyesha kwamba miti mikubwa iliyo ndani ya mita 300 kutoka ukingoni hufa kwa kasi karibu mara tatu ya ile ya katikati, kwa upepo na ukavu. Fanya hesabu: kipande cha hekta 100 chenye umbo la mraba kina kilometa moja kila upande. Ondoa mita 300 kila upande, unabaki na mita 400 kwa 400. Ni hekta 16 tu zilizo mbali na ukingo.

Ardhi ipo, kwa nini bado wanafyeka?

Embrapa imekadiria kwamba Brazil ina kama hekta milioni 28 za malisho yaliyochoka yanayofaa kwa kilimo. Soya ingeweza kupanuka miaka mingi bila mti hata mmoja kuanguka. Kinachozuia ni fedha na muda: kufufua hekta moja ya malisho kunataka chokaa, fosforasi, kusawazisha mikondo ya maji, na msimu mmoja au miwili ya mavuno hafifu. Anayefyeka hulipia mnyororo na kiberiti, kisha bei ya ardhi inamlipa. Mkopo wa muda mrefu kwa malisho yaliyochoka, pamoja na kunyimwa mkopo kwa ardhi mpya, hugeuza hesabu hiyo. Kimojawapo kikikosekana haigeuki. Na mfugaji anayebaki lazima aongeze ng'ombe kwa hekta, kutoka mmoja hadi wawili au zaidi, la sivyo atasukumwa mbele kama wenzake.

Kukagua soya inayodai kuwa safi

Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni namba 2023/1115: soya inayoingia sokoni kwake isitoke kwenye ardhi iliyokuwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka. Muuzaji atoe viwianishi vya shamba, na likizidi hekta 4 atoe mchoro wa mipaka yake yote. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, na makampuni makubwa sasa yamepangiwa mwisho wa Desemba 2026. Uzuri wake ni kwamba inatazama ardhi na tarehe. Udhaifu wake uko kwenye neno "msitu". Kanuni inafuata tafsiri ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO: eneo la zaidi ya nusu hekta, miti ya zaidi ya mita 5, mwavuli wa majani unaozidi asilimia 10. Sehemu kubwa ya Cerrado na maeneo ya Chaco hayafikii kipimo hicho, kwa hiyo soya itakayofyekewa huko kesho itaingia Ulaya bila kizuizi. Na shehena safi ikielekezwa Ulaya, chafu ina wanunuzi wengine.

Vyeti navyo hutofautiana kuliko lebo zinavyoonyesha. Kwenye mfumo wa utenganisho kamili, soya ya shamba lililokaguliwa haichanganywi popote, kuanzia ghala hadi meli. Ni ghali, na hutumika kwa kiasi kidogo. Kwenye mizania ya ujazo, soya huchanganywa, ila kiasi kinachouzwa na cheti hakiruhusiwi kuzidi kiasi kilichoingia na cheti. Kwenye krediti, mnunuzi humlipa mkulima mzuri mahali fulani, kisha hununua soya yoyote iliyopo sokoni. Krediti humsaidia mkulima huyo, lakini haisemi lolote kuhusu punje zilizo ndani ya gunia.

Ghala la kwanza ndipo nyayo za soya hupotea. Malori ya mashamba ishirini humwaga kwenye silo moja, na kuanzia hapo hakuna kipimo cha kawaida cha kutenganisha punje. Kwa hiyo mnunuzi anayetaka jibu lazima aulize kabla ya silo: mipaka ya shamba zima, pamoja na sehemu zisizo na soya; picha ya setilaiti ya kabla ya tarehe ya ukomo; stakabadhi za mizani zinazolingana na mavuno ya eneo hilo, maana shamba la hekta 100 linalouza tani 700 linauzia na majirani; na jina la aliyekuwa na ng'ombe hapo, pamoja na alikohamia.